Goti la Ssalongo na Hotuba za Mbunge wa Ireland

Siku yangu ya kwanza ya kazi Doha nililinda mlango ambao haukuwa na kitu nyuma yake. Jengo lilikuwa bado linajengwa, na kwa sababu ambazo sikuwahi kuelezwa, mlango ulikuwa umetangulia kufika. Nilisimama mbele yake kutwa nzima, nimevaa sare iliyokuwa imeshonewa mtu mnene kuliko mimi, nikiwazuia watu wasipite mahali ambapo wangeweza kuzunguka kwa hatua nne tu.

Mkuu wa lindo alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Nepali. Tulimwita Havildari, kwa kuwa ndicho cheo alichotoka nacho jeshini na hakutaka kukiacha. Alinionyesha mlango, akanikabidhi daftari kubwa lenye jalada gumu, akasema kwa Kiingereza chake cha kijeshi, "Huu mlango. Hiki kitabu. Mlango ukipotea nitakuuliza. Kitabu kikipotea utakwenda kwenu."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Baadaye niligundua kwamba Havildari alikuwa amewahi kufanya utani mara moja tu maishani, na haukumfurahisha.

Kile kilikuwa kitabu cha matukio. Vijana mnaokuja sasa mnabonyeza simu na taarifa inajituma yenyewe, kwa hiyo nieleze. Kushoto unaandika saa, kulia unaandika kilichotokea. Jioni ile ya kwanza Havildari alikuta nimeandika neno moja: "Hakuna." Akalitazama kwa huzuni, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

"Kutwa nzima hakuna? Lori halikupita? Paka hakupita?"

"Paka alipita, bwana."

"Yuko wapi?" akauliza, akigonga ukurasa kwa kidole. "Kisichoandikwa hakikutokea."

Tangu siku hiyo niliandika paka. Niliandika akiingia, niliandika akitoka, na siku aliyokuja na mwenzake niliandika sura zao wote wawili. Wenzangu walinicheka, lakini mkono ukishazoea haugeuki.

Jambo la pili nililofundishwa na Havildari ni makabidhiano. Mlinzi anayeingia zamu anachukua kitabu na kusoma kwa sauti matukio yote aliyoachiwa. Anayetoka anasimama wima akisikiliza. Mwisho anayeingia anaandika hali ya lindo, shwari au si shwari, na kutia sahihi. Mpaka sahihi itiwe, anayetoka haondoki hata kama basi limewasha injini na tumbo linamuuma. Shikeni hilo, nitalirudia.

Nilikaa kwenye mlango ule mpaka jengo likaufikia mlango wake. Kisha nikapelekwa lango la nyuma la hoteli, kuhesabu mashuka yanayokwenda kufuliwa. Bosi wangu pale alikuwa Mkuu wa Stoo, mtu aliyeamini kwamba dunia nzima inaiba taulo. Kila nikitoka alinipapasa mgongoni kwa namna ya kuniaga. Baadaye nikahamishiwa geti la shule, ambako Mkuu wa Usafiri alinifundisha kutofautisha magari meupe sabini yanayofanana. Kote huko nilisimama, nikaandika, nikazeeka kidogo kidogo.

Mwishowe kampuni ikanipeleka Al Thumama, kwenye kompaundi ya nyumba ishirini na nne zilizozungushiwa ukuta. Ndege zinazokwenda kutua uwanjani zilipita chini sana hapo, mtu angeweza kusoma maandishi ya tumboni mwake. Nilipewa uongozi wa lindo, maana yake walinzi wawili na paka. Mlinzi wangu wa pili alikuwa Ssalongo.

Ssalongo ni jina la heshima ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Yeye alitoka Masaka, mtu mrefu, mpole, na mvivu wa kuandika kuliko binadamu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Jiko la nyumba namba tano liliposhika moto, magari ya zimamoto yakajaa, watoto wakalia, povu likafika mpaka getini. Nikasoma kitabu asubuhi: "Moto. Umezimwa. Hali shwari."

"Ssalongo," nikamwambia, "huu ni moto wa nyumba. Unataka maneno mangapi ili moto uwe moto?"

"Banange, si umezimwa, ssebo? Mimi nitaandika nini tena?"

Kila mtu kwake alikuwa ssebo, yaani bwana, na kila kitu kilikuwa hali shwari. Nilimsoma hivyo kwa miaka, na sikuwahi kuona ameandika vinginevyo.

Katika nyumba namba tisa aliishi daktari mmoja wa watoto, mama wa Kiairishi mwenye haraka, pamoja na baba yake. Huyu baba alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Nilimwita Mwalimu, naye akafurahi nilipomweleza uzito wa jina hilo kwetu Tanzania. Alikuwa anaandaa kitabu kuhusu hotuba za mbunge mmoja wa Ireland wa karne ya kumi na tisa. Jina la mbunge huyo sitaliandika. Mwalimu alinisahihisha matamshi yake kwa miaka mitatu na mpaka mwisho alikuwa akikunja uso nikilitaja.

Desturi ya Mwalimu ilikuwa kusoma hotuba kwa sauti ndipo ajue kama ameinukuu sawasawa. Binti yake alivumilia mezani kwa mwaka mmoja, kisha akampiga marufuku. Basi kila alasiri, jua likishapungua ukali, mzee alitoka na karatasi zake, akasimama mbele ya kizuizi cha magari, akakihutubia.

"Wewe utakuwa Spika," aliniambia siku ya kwanza.

"Spika anafanya nini?"

"Hasemi kitu. Anasimamia utaratibu, na watu wote wanazungumza kupitia kwake hata wakitaka kutukanana."

Nikamwambia kazi hiyo ninayo tayari, tena na sare.

Nilitegemea moto. Mbunge, tena wa upinzani, nchi yake inatawaliwa na wengine, nilidhani atapiga meza. Wapi. Siku nzima ni kifungu cha pili cha muswada wa mashamba. Kesho yake ni kifungu kile kile cha pili. Keshokutwa anasoma ripoti ya mtu mwingine, ukurasa kwa ukurasa, kuhusu wapangaji waliotolewa kwenye mashamba waliyoyalima maisha yao yote. Ndege ikipita juu, Mwalimu alinyamaza, akasubiri, akasema, "Upande wa pili wanazomea," kisha akaendelea palepale alipokomea.

Siku moja uvumilivu uliniisha. "Mwalimu, nisamehe, lakini huyu mheshimiwa wako anachosha."

Mzee alicheka hadi akashika kizuizi. "Alitaka kuchosha," akasema. Akanieleza kwamba wabunge wa Ireland kule London walikuwa wachache. Kila kura walishindwa. Lakini kanuni za Bunge lile, nyakati zile, zilisema mtu aliyepewa nafasi ya kuzungumza hakatizwi, mradi hajatoka nje ya hoja. Basi wakazungumza. Walizungumza mpaka mawaziri wakasinzia, muda ukaisha, na muswada usiotakiwa ukabaki mezani bila kupitishwa. "Hakuwa na kura," Mwalimu akasema. "Alikuwa na saa."

Tangu hapo nilianza kumpenda mheshimiwa yule. Mtu asiye na kitu isipokuwa muda na miguu ya kusimamia, huyo namfahamu. Huyo ni mlinzi.

Kosa langu lilikuwa kuandika. Lakini ningefanyaje, na Havildari alishanifinyanga? Yeye alikuwa amesharudi kwao kupumzika, ila mkono wangu ulikuwa bado wake. Niliandika hivi: "Saa kumi na moja na dakika kumi, mzee wa namba tisa ametoa hotuba getini. Serikali imelaumiwa vikali. Saa kumi na mbili kasorobo, hotuba imeahirishwa mpaka kesho."

Siku mbili baadaye Supavaiza akashuka garini kabla gari halijasimama. Alikuwa Mkenya kutoka Nakuru, zamani askari jela, mama wa sauti ya chini ambayo ilitisha kuliko ya juu. Sote tulimwita Madam.

"Mzee, kuja hapa. Hii ni nini umeandika? Serikali gani imelaumiwa?"

"Ya Uingereza, Madam."

"Na nani?"

"Mbunge wa Ireland."

"Huyo mbunge yuko wapi saa hii?"

"Alishakufa, Madam. Zamani sana, hata babu yangu hajazaliwa."

Madam akafunga kitabu taratibu. "Kwa hivyo maiti imeingia kompaundi, haina geti pasi, imetukana serikali, na wewe ukaiskiza dakika thelathini na tano bila kuniita kwa redio."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akitazama nyumba namba tisa, ambako Mwalimu alikuwa dirishani anatupungia mkono. "Sawa," akasema hatimaye. "Andika mkazi amesoma kwa sauti. Lakini hiyo maneno ya serikali wacha nje ya kitabu yangu. Unataka niende home juu ya mtu alikufa kitambo?"

Nikatii nusu. Kuanzia siku ile niliandika: "Mkazi amesoma kwa sauti. Mada, wapangaji wa mashamba. Wasikilizaji, mlinzi mmoja, paka mmoja." Madam alitia sahihi kila ukurasa wala hakusema neno, nami nikajua hasomi. Hapo nilikosea, kama mtakavyoona.

Mambo yakaenda hivyo mpaka ilipokuja orodha.

Kampuni ilikuwa imepata jengo jipya la ghorofa ishirini ambalo lilihitaji doria ya ngazi. Doria ya ngazi ni hivi: kila ghorofa kuna kitufe ukutani, mlinzi anapanda kwa miguu na kukigusa kwa kifaa chake, kila baada ya saa mbili, na mashine inaandika amefika saa ngapi. Lifti haikubaliki, kwa sababu wezi nao, walisema, hutumia ngazi. Orodha ya uhamisho ikabandikwa kwenye ubao katika bweni letu Najma, majina thelathini na moja. La nne lilikuwa la Ssalongo.

Ssalongo alikuwa na goti bovu. Nililijua mimi, alilijua yeye, na lilijulikana na daktari mmoja aliyempangia upasuaji mdogo baada ya wiki tatu. Likizo yake ya mwaka ilishapitishwa iangukie siku hizo hizo, apasuliwe, apumzike, arudi kazini mzima, pasiwe na mtu wa kuuliza. Basi la kampuni lilikuwa na vidato vitatu tu. Ssalongo alivipanda kwa muda ambao mimi ningeweza kushona kifungo.

Kumwambia Mudir, meneja wetu wa operesheni, kulikuwa nje ya swali. Mlinzi asiyeweza kusimama alipimwa, akaandikiwa kwamba hafai kwa kazi, akakatiwa tiketi. Na kumpeleka kwenye zile ngazi hata kwa siku tatu kungefika huko huko, maana mashine ingemsema. Ssalongo alikuwa na mapacha sekondari na wengine watatu nyuma yao. Hangekuwa na cha kurudi nacho ila mikono mitupu.

"Nitapanda tu, ssebo," aliniambia, amekaa kitandani anasugua goti kwa dawa ya kuchua. "Pole pole. Hali ni shwari."

Nilikasirika hata nikatoka chumbani. Kuna watu unatamani wakulilie ili nawe upate nafasi ya kulia, nao hawakupi.

Nikaenda kwa Madam. Alinisikiliza nusu, akainua mkono. "Mzee, usiniambie kitu ya goti. Nikishajua, lazima niandike. List ni ya Mudir. Ataitia sahihi kwa paredi, halafu anaenda leave wiki sita. Mimi hapo ni wa kubeba karatasi."

Nikamwona hana moyo. Nikarudi getini nikiwa nimenuna, na Mwalimu alipokuja na kifungu chake cha pili nikamwambia leo Spika hana masikio. Akakunja karatasi zake, akaniuliza kulikoni, nami nikamweleza. Yeye hakuwa na mtu wa kumwandikia.

Nilitegemea pole. Badala yake macho yakamng'aa. "Hiyo paredi ina kanuni?"

Ilikuwa nazo, tena Mudir alizipenda kama mtu anavyopenda mchicha aliopanda mwenyewe. Kila mwezi, saa nane mchana, tulikusanyika ukumbi wa chakula Najma, walinzi wa akiba wakitushikia malindo. Kila kiongozi wa lindo alisimama na kusoma ripoti yake, kuanzia lindo namba moja hadi kumi na mbili. Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa mkono wa Mudir kwamba anayesoma ripoti hakatizwi mpaka ataje hali ya lindo, kwa sababu zamani kiongozi mmoja alikatizwa kabla hajafika kwenye habari ya gesi inayovuja. Baada ya ripoti ndipo orodha inasomwa, kila aliyehamishwa anatia sahihi yake kukubali, na Mudir anatia yake mwisho. Shughuli hiyo peke yake huchukua nusu saa.

"Na Mudir anaondoka saa ngapi?"

"Dereva anamchukua saa kumi na nusu kwenda uwanja wa ndege."

"Wewe ni lindo namba ngapi?"

"Kumi na mbili."

Mwalimu akavuta kiti changu, akakikalia, akaanza kuhesabu. Wale kumi na mmoja wangemaliza saa nane na dakika ishirini. Mimi ningetakiwa kuzungumza kwa muda wa saa mbili na dakika kumi, mpaka dereva afike. "Mbunge wangu," akasema, "angeona hizo ni salamu."

Wiki ile alinifunza kama mwari. Usimtazame unayepingana naye, zungumza na kiti kinachoongoza. Usikasirike hata kidogo, mtu mwenye hasira hutolewa nje. Soma kutoka kwenye karatasi, kwa sababu mtu mwenye karatasi mkononi anaonekana ana kazi. Na usiseme neno moja lisilo kweli wala lisilohusika, kwa kuwa hapo ndipo watakapokukamatia. Kwa hilo la mwisho sikuwa na hofu. Nilikuwa na kitabu cha matukio cha miezi mitatu, kurasa mia moja na themanini, kila neno la kweli, mengi yake paka.

Siku ya paredi nilikunywa asali na tangawizi. Viongozi kumi na mmoja walisimama, wakasema hali shwari, wakakaa. Mudir alikuwa tayari ameshafungua kalamu. Nikasimama.

"Mheshimiwa Mudir, ripoti ya lindo namba kumi na mbili. Tarehe mosi, saa kumi na mbili asubuhi. Nimepokea lindo. Funguo zote ziko mahali pake, nazo ni hizi zifuatazo."

Nikataja funguo zote ishirini na nne.

Nusu saa ya kwanza watu walidhani najitapa. Nusu saa ya pili walidhani nimeugua. Nilimsikia kijana mmoja nyuma yangu, wa Kisumu ambako vijana humwita mzee mbuyu, akinong'ona, "Huyu mbuyu ameingiwa na nini leo?" na mwenzake akajibu, "Ni joto." Kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa na tabia ya kunguruma kila baada ya dakika chache. Kikinguruma nilinyamaza kwa adabu, nikasubiri kimalize, nikarudia mstari kwa faida ya waliokaa mbali.

"Tarehe tisa, saa nne na dakika tano, paka wa kijivu ameingia kupitia chini ya kizuizi."

Mudir akakohoa. "Huyu paka ni lazima?"

"Mheshimiwa Mudir, Havildari alitufundisha kisichoandikwa hakikutokea. Nami nahofia kwamba kisichosomwa hakikuandikwa."

Mudir alimheshimu sana Havildari. Akaweka kalamu chini.

Nikafika kwenye hotuba. Nikasoma zote, siku kwa siku, kwa maneno yangu yale ya kitabu. Mkazi amesoma kwa sauti, mada, wapangaji. Mkazi amesoma kwa sauti, mada, wenye mashamba wanaoishi mbali wasiowajua wanaolima. Mkazi amesoma, mada, familia iliyotolewa nyumbani kwa sababu jina lake liko kwenye karatasi. Ukumbi ukatulia kwa namna tofauti. Wanaume wale walikuwa wamepanga vitanda, si nyumba, na wengi walikuwa wamesafiri mbali kwa sababu ya shamba lisilotosha. Nilimwona Ssalongo safu ya tatu, mguu mbaya umenyooshwa mbele, ananiangalia. Hapo ndipo alipoelewa ninachofanya. Akainamisha kichwa.

Nami nikafanya kosa la kumtazama. Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika tano, na sauti yangu, ambayo kwa miaka haikutumika ila kusema simama na pita, ikakatika. Nikafungua mdomo, haikutoka. Nikajaribu tena, ikatoka sauti kama ya bawaba isiyo na mafuta.

Mudir akachukua kalamu. "Ahsante. Amemaliza. Yalla, orodha."

Madam akasimama. Nikajua sasa kwisha. Akatembea mpaka meza ya chakula, akamimina maji kwenye glasi, akaja kuiweka mbele yangu. Kisha akageuka.

"Mudir, ripoti bado haijafungwa. Hajataja hali ya lindo." Akanyoosha kidole ukutani, kwenye kanuni. "Ni hivyo uliandika mwenyewe, sir."

Mudir akaisoma kanuni yake. Akaisoma tena, akitafuta mlango wa kutokea, lakini alikuwa ameijenga vizuri. Akakaa.

Madam alipopita karibu yangu akasema bila kugeuza kichwa, "Kunywa pole pole, mzee. Na usiruke ya tarehe kumi na saba, nilipenda hiyo." Kumbe alikuwa akisoma kila ukurasa.

Nilikunywa yale maji kama mtu anayekunywa dawa ya bei mbaya. Nikasoma ya tarehe kumi na saba. Saa kumi na dakika ishirini na tano dereva alichungulia mlangoni, akajitoa, akachungulia tena. Mudir akatazama saa yake, akatazama majina thelathini na moja, akatazama kurasa nilizobakiza.

"Khalas," akasema. "Orodha nitaitia sahihi nikirudi."

"Hali ya lindo, shwari," nikasema, nikaketi, kwa kuwa magoti yangu nayo yalikuwa yamefika mwisho.

Mudir akageukia mlangoni. "Huyo paka. Ana mkanda shingoni?"

"Hana, Mudir."

"Andika."

Tangu siku hiyo wakaniita Mheshimiwa, na jina halijatoka.

Nisiwadanganye kwamba tulishinda. Mudir aliporudi baada ya wiki sita, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandika kanuni mpya: ripoti ni dakika tatu. Mwalimu alipopata habari hiyo alinipa mkono wa pongezi kwa mikono yake yote miwili. "Na wao pia walibadilisha kanuni kwa ajili yake," akasema, na sikuwahi kumwona mtu akifurahia kushindwa kiasi hicho. Kazi ya pili ya Mudir ilikuwa kutia sahihi orodha, na Ssalongo akapelekwa kwenye ngazi. Lakini alikwenda na goti lililopasuliwa, likapona. Alizipanda ghorofa ishirini kwa mwaka mzima, kisha akarudishwa kwangu Al Thumama. Nilimuuliza ilikuwaje huko. Mnajua alichojibu.

Mwalimu aliondoka mkataba wa binti yake ulipokwisha. Alasiri ya mwisho hakuwa na karatasi. Alisimama mbele ya kizuizi, akaniinamia kidogo kama wanavyomwinamia Spika, akaniomba ruhusa ya kutoka. Nilimpa, ingawa sikutaka. Geti lilikuwa kimya sana baada ya hapo, na nilikuja kukikumbuka hata kile kifungu cha pili.

Mimi nilistaafu mwaka huu, nikiwa na umri ambao kampuni inakushukuru na kukupa cheti chenye jina lililokosewa. Sasa niko Muheza. Wajukuu wananiuliza nilifanya nini Doha miaka yote hiyo, nami nawajibu nilisimama. Hawaridhiki. Lakini ukweli ndio huo: nilisimama, na mara moja kusimama kwangu kulimfaa mtu. Wapo mabosi wengi waliokaa, ambao hawawezi kusema hivyo.

Nimalizie na makabidhiano yangu ya mwisho. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nimemaliza zamu ya usiku, begi langu liko ndani ya basi, dereva ana haraka ya kunifikisha uwanjani. Anayeingia zamu alikuwa Ssalongo. Nikampa kitabu, nikasimama wima. Zamu yangu ilikuwa na mistari mitano tu.

Ssalongo hakufungua ukurasa wa siku ile. Alirudisha kitabu mpaka mwanzo, ukurasa wa kwanza kabisa, akasafisha koo, akaanza kusoma kwa sauti. Mtu yule ambaye moto wa nyumba alimaliza kwa maneno manne alinisomea kila mstari, funguo kwa funguo, paka kwa paka, hakuruka kitu. Ndege ikipita alinyamaza, akaisubiri. Dereva akapiga honi. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba makabidhiano hayajaisha, nami siruhusiwi kuinua mguu. Honi ikapigwa tena, Ssalongo akafungua ukurasa mwingine. Alisoma karibu saa nzima, amesimama, na goti lile halikuyumba hata mara moja.

Kurasa zilipokwisha, akachukua kalamu, akaandika hali ya lindo, akatia sahihi, akanigeuzia kitabu nisome.

Alikuwa ameandika: "Hali si shwari."